Meno 34 na Pengo

Gari lilizimika bila hata kukohoa. Tulikuwa tumeshaipita Mkata tukielekea Mbwewe, saa nane mchana, jua la Januari limetulia juu ya lami, na kwenye buti kuna nusu gunia la machungwa tuliyonunua Muheza asubuhi. Hakukuwa na mtikisiko, moshi wala harufu ya kuungua. Redio iliendelea kuimba. Taa za dashibodi ziliwaka kwa mpigo, usukani ukawa mzito kana kwamba kuna mtu ameushika upande wa pili, na gari likawa linakwenda kwa msukumo wake tu hadi nikalitoa pembeni. Mama, aliyekaa kiti cha mbele, aliuliza swali moja: "Mafuta yameisha?" Yalikuwa nusu tanki.

Nilipiga stata. Injini ilizunguka kwa nguvu, maana betri haikuwa na shida, lakini haikushika. Nikapiga tena, hivyo hivyo. Tukakata matawi tukayapanga nyuma ya gari pamoja na pembetatu, tukaenda kukaa kivulini. Baada ya dakika arobaini nikajaribu bila matumaini, na injini ikawaka kwa mguso mmoja kama haijawahi kuumwa.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu katika miezi mitatu. Mara ya kwanza lilinizimikia kwenye foleni ya Ubungo, na gereji moja ya mjini ikabadilisha pampu ya mafuta. Mara ya pili zikabadilishwa plagi zote nne na koili moja. Kila mara gari lilitoka gereji likiwa zima kabisa, kwa sababu lilikuwa limeshapoa, na kila mara fundi alikuwa na haki ya kuamini kwamba amelitibu. Hakuna aliyenidanganya. Walibahatisha kwa nia njema, na kubahatisha huko kulinigharimu zaidi ya laki tatu. Tangu siku hiyo nimeongea na madereva wengi, na nimeona kwamba hasara ya namna hii wengi wetu tumeizoea kiasi cha kuiona ni sehemu ya kumiliki gari. Naandika haya kwa sababu naamini hatukupaswa kuizoea.

Aliyeujua ugonjwa ni fundi mmoja mzee wa Mbwewe. Siku ile ile gari lilizima tena hatua chache kutoka kwenye kibanda chake, akaja akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Limekuzimikia?"

Nilitegemea afungue boneti. Hakufungua. Aliinama dirishani, akanyoosha kidole kwenye dashibodi, kwenye mshale wa mizunguko ya injini. "Piga stata, halafu angalia huu mshale. Usiangalie kitu kingine."

Nikapiga. Injini ilizunguka kwa sauti ya kawaida, lakini mshale ulilala kwenye sifuri, haukutikisika hata unywele.

"Wewe unasikia injini inazunguka," akasema. "Gari lenyewe halijui. Hiyo sensa ya krenki."

Hilo jina nilikuwa sijawahi kulisikia, na nimeendesha gari kwa miaka kumi na minne. Baadaye nilielewa kwa nini mzee aliuamini mshale ule. Katika magari mengi, kinachousukuma ni taarifa ileile inayotoka kwenye sensa ya krenki. Stata inapozungusha injini, mshale hupanda kidogo, kwenye mia mbili au mia tatu hivi. Ukilala kabisa, mshukiwa wa kwanza umeshampata bila kufungua bolti hata moja. Yapo magari ambayo mshale wake hauchezi wakati wa stata hata yakiwa mazima, kwa hiyo inafaa kila mwenye gari aangalie mshale wake unafanyaje siku ambayo gari halina tatizo, ili siku ya tatizo awe na cha kulinganisha nacho.

Tuingie ndani ya injini kidogo. Pistoni hupanda na kushuka, na konrodi huugeuza mwendo huo kuwa mzunguko wa krenki. Katika injini ya mipigo minne, krenki huzunguka mara mbili, yaani nyuzi 720, ndipo silinda moja inapomaliza kazi yake yote: kuvuta hewa, kuibana, kuwaka, na kutoa moshi. Cheche ya plagi inatakiwa itoke nyuzi chache kabla ya pistoni kufika kileleni. Ikiwahi mno injini hugonga, ikichelewa nguvu hupotelea kwenye ekzosi.

Waliofanya kazi na Peugeot 504 au Land Rover za zamani wanakumbuka jinsi jambo hili lilivyokuwa likipangwa. Kulikuwa na distributa, na ndani yake pointi. Fundi alipima nafasi ya pointi kwa fila geji, akalegeza bolti, akaigeuza distributa kidogo kidogo huku sikio lake likiwa kwenye injini, na mlio ulipotulia akakaza. Wako wazee waliokuwa wanaweza kurekebisha tamingi kwa sikio peke yake, na mimi huwaheshimu sana kwa hilo. Siku hizi kazi hiyo imehamia kwenye kontroli boksi, kompyuta ya gari, na kompyuta haisikilizi mlio. Inataka iambiwe, kila sekunde, krenki iko wapi na inakwenda kasi gani.

Anayeiambia ni kipande cha plastiki chenye ukubwa wa kidole gumba, kimefungwa kwa bolti moja, mara nyingi ya spana namba 10, chini kabisa ya injini ambako hakuna anayetazama. Mbele yake kuna sahani ya chuma yenye meno, iliyofungwa kwenye krenki yenyewe, ama upande wa puli ama nyuma kwenye flaiwili. Katika injini nyingi za Toyota za VVT-i, zikiwemo zile za Vitz, Probox na IST zilizojaa kwenye barabara zetu, sahani hiyo imegawanywa sehemu 36, lakini ina meno 34. Mawili yameachwa makusudi. Magari mengi ya Ulaya yanafuata mpango ulioenezwa na Bosch, wa sehemu 60 na meno 58. Sensa haiyagusi meno hayo. Imekaa mbele yake kwa nafasi ya milimita moja hivi, ikiyahesabu yanavyopita.

Neno sensa, kwa sisi tuliokulia kwenye Kiswahili, ni la kuhesabu watu. Mafundi walilichukua kutoka kwenye neno jingine la kigeni, lakini kwa kifaa hiki maana zote mbili zimekutana. Hesabu yake ni rahisi: katika meno 34, kila jino ni nyuzi 10 za mzunguko. Likija pengo la meno mawili, kompyuta inajua krenki imefika mahali fulani panapojulikana, inaanza kuhesabu upya kutoka hapo. Bila pengo, meno yote yangefanana na isingewezekana kujua lipi ni la kwanza. Ukiwa barabara kuu mshale ukiwa kwenye 3,000, krenki inazunguka mara 50 kwa sekunde, na hayo ni meno 1,700 kila sekunde. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kifaa hiki hakipumziki hata kidogo, na hesabu ikipotea, kompyuta hukata cheche na mafuta kwa pamoja. Katika magari mengi hata pampu ya mafuta husimamishwa, kwa sababu kompyuta inaamini injini imesimama. Ndiyo maana mafundi wengi huilaumu pampu: wanaikuta kimya, na kumbe imenyamazishwa.

Kuna ndugu yake, sensa ya kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, na wawili hawa huchanganywa sana madukani. Pistoni hufika juu mara mbili katika kila nyuzi 720, mara moja kwa ajili ya kuwaka na mara ya pili kwa kutoa moshi, na krenki peke yake haiwezi kusema ni safari ipi. Kemshafti ndiyo inayotofautisha. Ikifa sensa ya kemshafti, baadhi ya magari huendelea kwenda kwa shida, yakichelewa kuwaka. Ikifa ya krenki, mengi husimama hapo hapo.

Mzee wa Mbwewe hakunieleza hesabu zote hizo. Alinionyesha. Alimpigia simu mwenye duka la spea Chalinze, akamsomea namba, na spea ikaahidiwa kupandishwa kwenye basi la kwanza linalopanda kuelekea Tanga. Tulikuwa na saa mbili za kusubiri. Akatandika gunia, akaingia chini ya gari, akatoka na sensa mkononi.

Ncha yake ilikuwa imefunikwa na uji mzito mweusi. Akaupaka kiganjani, akausambaza kwa kidole, akanigeuzia mkono kwenye jua: ndani ya oili kulikuwa na vumbi la chuma likimetameta. Ndani ya sensa ya aina hii kuna sumaku, na sumaku huvuta kila unga wa chuma unaoletwa na oili inayovuja. Ukijaa, sensa haiyaoni tena meno vizuri. Akaifuta hadi ikawa safi, akaunganisha nyaya zake mbili kwenye mita, akaiweka mita kwenye kipimo cha volti ndogo za mkondo geu. Kisha akachukua spana akaipitisha haraka mbele ya ncha, bila kuigusa. Namba kwenye mita zikaruka. Akasimamisha spana, zikarudi sifuri. Akapitisha tena, zikaruka tena. Mama alisogeza kiti chake karibu ili aone.

Jambo hilo Michael Faraday alilionyesha mwaka 1831: sumaku na waya vikiwa karibu, kukiwa na mabadiliko katika nguvu ya sumaku, umeme huzaliwa kwenye waya. Ndani ya sensa waya mwembamba kama unywele umezungushwa maelfu ya mara kuizunguka sumaku. Jino la chuma likipita, nguvu ya sumaku hubadilika, umeme mdogo hutoka. Kadiri jino linavyopita haraka, ndivyo umeme unavyoongezeka. Kwa sababu hiyo hiyo betri dhaifu huweza kuiga ugonjwa wa sensa: stata ikizungusha injini taratibu mno, umeme wa sensa huwa mdogo kiasi kwamba kompyuta haiusikii. Kabla ya kuhukumu, hakikisha betri iko sawa na vichwa vyake vimekaza.

Aina ya pili ina nyaya tatu. Hiyo inafuata kanuni aliyoigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore. Waya mmoja huleta umeme kutoka kwenye kompyuta, mara nyingi volti 5 au 12, mwingine ni wa ardhi, na wa tatu hurudisha taarifa. Hii hufanya kazi vizuri hata krenki ikienda polepole. Usiipime kwa omu kama ile ya nyaya mbili. Hutapata jibu la maana, na unaweza kuiharibu. Inapimwa ikiwa imefungwa, kwa kuangalia kama umeme unaifikia, ardhi ipo, na waya wa taarifa unapanda na kushuka injini inapozungushwa.

Turudi Mbwewe. Mzee aliibadilisha mita ikawa kwenye omu. Ilisoma 2,100 na ushee. "Hapa ukienda dukani watakwambia ni nzima," akasema, "na hawatakuwa wamekosea." Akaenda kwa mama lishe wa jirani, akarudi na kikombe cha maji yaliyotoka kwenye jiko muda huohuo. Akaifunga sensa kwenye mfuko wa plastiki, nyaya zikibaki nje, akaitumbukiza.

Namba zilianza kupanda. 2,200. 2,300. Hilo ni la kawaida kwa waya wa shaba: kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, upinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 0.4. Ilipofika 2,500 na kidogo, mita ikayumba, ikarudi, ikayumba tena, halafu namba zikapotea kabisa. Njia ilikuwa imekatika. Waya ule mwembamba, ndani ya plastiki, ulikuwa na ufa usioonekana. Ikiwa baridi, ncha zake mbili zilikuwa zinagusana. Joto lilipoitanua plastiki, ziliachana. Akaitoa sensa kwenye maji, akaiweka kwenye kivuli, tukasubiri. Baada ya muda namba zikarudi zenyewe: 2,400, 2,300.

Hapo niliielewa miezi mitatu yote. Foleni ya Ubungo ya saa tisa alasiri, ambako hewa haipiti na joto la injini linakaa chini ya boneti. Safari ya Muheza. Dakika arobaini chini ya mti. Gari lilikuwa likiniambia kitu kilekile kila mara, na mimi nilikuwa nalipeleka gereji limeshapoa, kama mgonjwa anayefika zahanati homa imeshashuka.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye magari ni hili: dalili ikitokea, iandike. Saa ngapi, umekwenda umbali gani, kulikuwa na joto kiasi gani, mshale ulifanya nini, lilichukua muda gani kuwaka tena. Fundi akipata maelezo hayo ana kazi nusu mkononi. Dalili nyingine zinazoweza kutangulia ni gari kusita ghafla kama limekatiwa umeme kwa kufumba na kufumbua, mshale kuruka ovyo ukiwa kwenye mwendo wa kawaida, injini kukosa nguvu na kutetemeka, au kuwaka baada ya kupiga stata kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea. Gari la dizeli lenye kompyuta nalo lina sensa hii, na huugua vilevile.

Mashine ya kusomea kodi za hitilafu husaidia, ila inahitaji msomaji makini. Soketi yake yenye pini 16 mara nyingi iko chini ya usukani. Marekani iliilazimisha kwa magari ya petroli kuanzia modeli za mwaka 1996, na dunia ikafuata. Kodi P0335 inasema kuna kasoro kwenye njia ya umeme ya sensa ya krenki. Njia, hebu tulisisitize neno hilo. Njia ni sensa yenyewe, soketi yake, waya mzima hadi kwenye kompyuta, na wakati mwingine kompyuta. P0336 inasema taarifa inafika lakini haieleweki, na hapo mara nyingi lawama huangukia meno: jino limepinda, sahani imelegea, au uchafu umejaa. Nimeona watu wakibadilisha sensa mbili na tatu kwa sababu mashine "imesema sensa", na kumbe panya amekula waya. Inawezekana pia mashine isikute kodi yoyote, na bado sensa ikawa mbovu, kwa sababu gari lilizima na kupoa kabla kompyuta haijathibitisha kasoro. Mwombe fundi asome mizunguko ya injini kwenye skrini wakati anapiga stata. Skrini ikiandika sifuri wakati injini inazunguka, jibu limekaribia.

Hata viwanda vikubwa vimewahi kuteswa na kifaa hiki. Mwaka 2003 Nissan iliyaita magari yake zaidi ya milioni 2 duniani kwa sababu ya kasoro ya sensa za injini zilizoweza kuizima ghafla. Magari ya miaka ile bado yapo barabarani kwetu, yamefika kwa meli yakiwa yametumika, na mnunuzi wa pili au wa tatu hana njia rahisi ya kujua kama lake lilitengenezwa.

Kuhusu matunzo, sensa haina ratiba ya kubadilishwa wala haihitaji huduma ya kila mwezi. Inachohitaji ni jirani mwema. Oili inayovuja kwenye sili ya mbele ya krenki ndiyo adui wa kwanza, kwa sababu sensa nyingi zimekaa hapo hapo chini yake. Oili hulainisha ganda la nyaya, huingia kwenye soketi, hubeba unga wa chuma. Adui wa pili ni kuosha injini kwa mpira wa presha. Najua gari hupendeza likioshwa boneti wazi, lakini maji ya presha hupenya kwenye soketi ambazo kwa miaka yote zilikaa kavu, na kesho yake kutu ya kijani huanza. Ukitaka injini safi, ifutwe kwa kitambaa na brashi. Wa tatu ni kazi nyingine zilizofanywa karibu: klachi ikishushwa, giaboksi ikitolewa, cheni ya tamingi ikibadilishwa, kibanio cha waya huachwa bila kurudishwa, na waya hubaki ukining'inia karibu na ekzosi au fenibelti. Baada ya kazi kama hizo, piga magoti uangalie mwenyewe, au mwombe fundi akumulikie tochi.

Dukani nako kuna mtihani. Pale Kariakoo na Ilala utaonyeshwa sensa tatu zinazofanana kwa macho, na bei zake zikitofautiana mara tano. Nenda na ile ya zamani mkononi. Soma namba iliyoandikwa juu yake. Za Toyota, kwa mfano, mara nyingi huanza na 90919-05 kabla ya tarakimu za mwisho, na tarakimu hizo za mwisho ndizo zinazotofautisha ya krenki na ya kemshafti, na injini moja na nyingine. Pima urefu wa ncha: ikizidi kwa milimita moja inaweza kugonga meno, ikipungua kwa milimita moja injini inaweza kukataa kuwaka. Angalia oringi yake ni laini na haijapasuka. Mimi binafsi naona sensa iliyotumika, iliyotolewa kwenye injini ya Japani na kupimwa ikiwa ya moto, ni bora kuliko mpya isiyo na namba wala jina la mtengenezaji. Wapo mafundi ninaowaamini wasiokubaliana nami, wakisema kifaa hiki huzeeka kwa joto na cha zamani ni cha zamani. Wana hoja. Mwenye uwezo anunue mpya ya kampuni inayojulikana.

Kuifunga ni kazi ya dakika chache, lakini ina adabu yake. Tundu lifutwe kwanza ili uchafu usiangukie ndani. Oringi ipakwe oili kidogo. Sensa isukumwe kwa vidole. Ikikataa, itolewe iangaliwe, kamwe isigongwe. Bolti ikazwe kwa mkono mwepesi, maana plastiki hupasuka. Waya urudishwe kwenye vibanio vyake vyote. Baadhi ya magari, hasa ya Marekani, hutaka kompyuta ifundishwe sensa mpya kwa mashine baada ya hapo. Muulize fundi kabla hujalipa.

Na kama litakuzimikia ukiwa kwenye mwendo, tafadhali usishtuke ukageuza ufunguo hadi mwisho, usije ukafunga usukani. Usukani utakuwa mzito lakini unageuka, ushike kwa mikono yote miwili. Breki zina akiba ya kukanyaga mara moja au mbili kabla hazijawa ngumu, kwa hiyo kanyaga mara moja, kwa uthabiti, usipige-pige. Washa taa za tahadhari, toka barabarani. Kwenye mteremko kama wa Kitonga, na lori nyuma yako, sekunde hizo chache ni za uhai. Ndiyo sababu sikubali mtu akiniambia gari linalozima na kuwaka lenyewe "halina neno."

Basi lilifika saa kumi na moja. Konda alishuka na kijifuko chenye jina la mzee limeandikwa kwa kalamu ya wino, akapewa chake, basi likaondoka. Mzee aliipima sensa mpya kwanza ikiwa baridi, kisha kwenye kikombe cha maji ya moto, kama alivyoipima ile ya zamani. Namba zilipanda taratibu na kubaki. Ndipo akaingia chini ya gari.

"Haya, mwanangu. Angalia mshale."

Nikapiga stata. Mshale ulinyanyuka kidogo, ukatetemeka karibu na mia mbili, kisha injini ikashika na ukapanda hadi mia nane ukatulia. Mama akapiga makofi. Mzee hakucheka. Alikuwa bado anamulika chini ya puli kwa tochi ya simu yake.

"Sili inavuja," akasema. "Hiyo sensa mpya nayo itaoga oili hii hii. Mimi hapa sina kifaa cha kuvutia puli. Ukifika Dar, usilale nayo wiki."

Alikataa kupokea zaidi ya bei aliyoitaja. Machungwa aliyapokea.

Jumatatu nililipeleka gari gereji, nikawaambia wasiguse kitu kingine, wabadilishe sili ya mbele ya krenki. Ile iliyotolewa ilikuwa imekauka mdomo, ngumu kama kifuu cha nazi, ukiikunja inakatika. Sensa iliyokuja kwa basi kutoka Chalinze ndiyo iliyopo kwenye injini mpaka leo, na mara ya mwisho ilipofunguliwa kuangaliwa, ncha yake ilikuwa kavu.